Mifuko ya Mama Zipu Yapata Wenyewe

Asubuhi, hata kabla ya kunywa chai, Mama Zipu alishika simu. Alifungua duka lake la mtandaoni, akatazama pale panapoonyesha oda mpya. Hapakuwa na kitu. Akafunga. Akafungua tena, kana kwamba oda ilikuwa imejificha nyuma ya mlango.

"Bado?" aliuliza mumewe, huku akifunga kamba za buti zake za kazi. Yeye alikuwa fundi bomba.

"Bado."

"Labda mtandao una shida."

"Mtandao hauna shida. Jana dada yako alinitumia vichekesho, na vyote vilifika."

Jina la Mama Zipu alipewa na majirani. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika kiwanda cha kushona sare. Kazi yake ilikuwa kutia zipu. Zipu za suruali, zipu za makoti, zipu kutwa nzima. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, yeye naye alipunguzwa. Kwa akiba yake akanunua cherehani kubwa, ile inayoweza kushona turubai nene na ngozi. Akaiweka sebuleni karibu na dirisha. Kochi likasogezwa ukutani. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, tangu siku hiyo alitazama televisheni shingo upande, maana cherehani ilimziba.

Mama Zipu alishona mikoba ya kike. Alishona myekundu, myeusi, ya bluu na ya maua. Aliipiga picha, akaiweka katika soko la mtandaoni, pale ambapo maelfu ya watu huuza na kununua. Akangoja. Miezi ikapita. Mkoba mmoja ulinunuliwa na wifi yake. Mwingine ulinunuliwa na binamu yake, kwa kuona haya tu. Mmoja ndio ulinunuliwa na mtu asiyemjua, na mtu huyo alinuna.

Sasa msimamizi wa kiwanda alikuwa amepiga simu. Kazi zimeongezeka, alisema. Nafasi yake ipo, lakini atoe jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama Zipu na mumewe walikaa, wakazungumza, wakakubaliana. Duka lisipochangamka mwezi huu, cherehani itauzwa naye atarudi kwenye zipu za watu. Fundi viatu wa mtaa wa pili alikuwa ameshasikia. Alisema atakuja kuitazama mwezi ukiisha.

"Mkwe wangu, mimi sikukatishi tamaa," alisema mama mkwe. "Lakini hilo si duka. Ni kabati la mikoba."

Mama Zipu alirudi kwenye cherehani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mama mkwe alikuwa anasema kweli.

*

Siku hiyohiyo mchana, Mama Pacha aliingia na begi la mtoto lililokatika mkanda. Mama Pacha alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mama wa mapacha, na sauti yake ilitangulia kuingia kabla ya miguu yake. Yeye pia aliuza mtandaoni. Aliuza nguo za watoto, na kila siku vifurushi vilitoka kwake.

"Nishonee haka kamkanda, shoga. Halafu nimesikia habari, sijaiamini. Ati unauza cherehani?"

"Nitafanyaje? Watu hawanunui."

"Wamekuja wakakataa, au hawajaja kabisa?"

Mama Zipu alisita. Hakuwahi kujiuliza swali hilo. "Hawajaja."

"Basi hawajakukataa. Lete simu, nione duka lako."

Wakakaa kwenye kochi. Mama mkwe alipunguza sauti ya televisheni, akijifanya hasikilizi.

"Hiki ni nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Mkoba mweusi."

"Na hiki nyuma yake?"

"Kitanda."

"Na hiki hapa pembeni?"

Mama Zipu aliinamia simu, akakodoa macho. "Mguu wa mume wangu."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika mbavu. Mama mkwe naye alicheka, akasahau kwamba hasikilizi.

"Samahani, shoga, sikucheki wewe. Nacheka mguu," alisema Mama Pacha, akijifuta machozi. "Lakini sikiliza. Mteja wa dukani anaushika mkoba. Anaugeuza, anavuta zipu, anaunusa. Mteja wa mtandaoni hana mikono. Ana macho tu. Sasa wewe umempa giza, kitanda na mguu. Atanunua nini?"

"Nilipiga picha jioni, nikishamaliza kazi."

"Piga asubuhi. Weka mlangoni, mwanga uingie wenyewe. Nyuma tandika kitambaa cheupe. Na usipige picha moja. Piga mbele, nyuma, chini, ndani. Pale mteja angetaka kugusa, ndipo upige."

Akaendelea kutazama. "Na hapa umeandika, 'Mkoba mzuri sana.' Basi?"

"Ni mzuri kweli."

"Najua ni mzuri. Lakini nani anatafuta kitu kwa kuandika 'mzuri sana'? Mtu akitaka koti la mtoto, anaandika koti la mtoto, la mvua, la umri fulani. Andika jina ambalo mteja angelisema. Kisha andika kimetengenezwa kwa kitambaa gani, urefu wake, upana wake, na ndani yake kunaingia nini."

Halafu akafika kwenye maoni ya yule mteja aliyenuna. Akasoma kwa sauti: "'Mdogo kuliko nilivyofikiri. Vitabu vyangu haviingii.' Na wewe ukamjibu... 'Ungesoma vizuri.' Ee! Asome nini, shoga? Mbona vipimo hukuandika?"

Mama Zipu aliona uso wake ukipata joto. "Aliniudhi. Nilishona mkoba ule kwa siku nzima."

"Nakuelewa. Lakini jibu lako halisomwi na yeye peke yake. Kila anayeingia dukani kwako analisoma. Ni kama umegombana na mteja mlangoni, na wengine wanapita wanasikia."

"Basi apunguze bei," alidakia mama mkwe. "Vitu rahisi hununuliwa."

"Bado, mama. Bei haijaonwa na mtu. Tukipunguza sasa, tutakuwa tumempunguzia nani?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mume wa Mama Zipu, Fundi Bomba, aliingia, amelowa mpaka magotini, akatua mfuko wake wa vifaa sakafuni. Ulitua kwa kishindo kizito. Mama Pacha aliutazama. Akainuka, akajaribu kuunyanyua kwa mkono mmoja, akashindwa.

"Una nini humu, shemeji? Mawe?"

"Spana, misumeno, mabomba, na chakula cha mchana."

"Umeununua wapi mfuko huu?"

"Kununua? Ameshona mke wangu. Huo umelala kwenye maji, umeanguka kutoka ghorofani, umekanyagwa na gari. Mafundi wenzangu wananisumbua kila siku, wanautaka."

Mama Pacha alimgeukia Mama Zipu polepole. "Na mfuko huu mbona haupo dukani?"

"Huo? Huo ni wa kazi tu. Nani atautaka?"

Fundi Bomba na Mama Pacha walitazamana.

"Mke wangu," alisema Fundi Bomba, "si nimesema sasa hivi?"

*

Kabla ya kuondoka, Mama Pacha alimfanyisha Mama Zipu jambo moja. "Jifanye wewe ni mteja," alimwambia. "Tafuta mkoba wa kike."

Mama Zipu alitafuta. Mikoba ilitiririka kwenye simu bila mwisho. Kila rangi, kila bei. Yake hakuiona kabisa.

"Sasa tafuta mfuko wa vifaa vya fundi."

Safari hii ilitokea michache tu, mingi ikiwa ya plastiki. Mama Pacha akamwonyesha maoni ya wanunuzi. "Soma malalamiko yao. Humo ndimo kazi yako ilimo."

Mama Zipu alisoma. Mmoja alisema mfuko umepasuka chini. Mwingine alisema mkanda unakata bega. Mwingine alisema akitafuta bisibisi, lazima amwage kila kitu sakafuni. Kadiri alivyosoma, ndivyo vidole vyake vilivyoanza kuwasha. Kila tatizo lililoandikwa pale, yeye alijua dawa yake. Mengine alikuwa ameshayatibu kwenye mfuko wa mumewe.

Kesho yake alikata turubai. Chini aliweka tabaka mbili na kipande cha mpira katikati. Mkanda aliufanya mpana, akaujaza sponji. Fundi Bomba alikaa kando yake kama mwalimu mkali.

"Bisibisi zikae hapa nje, mishikio juu. Mtu akiwa chini ya sinki hana mkono wa kutafuta."

"Hivi?"

"Shusha kidogo. Hapo! Na mfuko wa spana uwe mrefu zaidi."

"Wewe mbona hukuniambia haya siku zote?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza kuhusu maua."

Walipomaliza, waliujaza mfuko matofali, wakauning'iniza kwenye ndoano ya mlango, ukalala hapo usiku kucha. Asubuhi Mama Zipu aliupapasa mshono baada ya mshono. Hakuna uzi uliolegea.

Jua lilikuwa limeingia mlangoni. Alitafuta kitambaa cheupe, akakosa. Mama mkwe aliguna, akaingia chumbani kwake, akatoka na shuka yake bora, ile ya wageni.

"Ikipata doa, tutaonana," alisema. Kisha akashika ncha moja mwenyewe ili shuka isikunjamane.

Mama Zipu alipiga picha ya mfuko uliofungwa. Akapiga ulio wazi. Akaugeuza, akapiga chini, mpira uonekane. Akapanga vifaa vya mumewe ndani, akapiga tena. Mwisho alimsimamisha Fundi Bomba mlangoni, mfuko begani.

"Nitabasamu?"

"Wanatazama mfuko, si meno yako."

Jina waliliandika pamoja: *Mfuko wa vifaa vya fundi bomba na fundi umeme, turubai nzito, chini tabaka mbili.* Chini yake Mama Zipu aliandika urefu, upana, uzito na idadi ya mifuko ya nje. Aliandika pia jinsi walivyoujaribu kwa matofali. Hakusema ni mzuri sana. Aliacha picha ziseme.

Bei aliihesabu upya: turubai, uzi, mpira, mkanda, kusafirisha, na kazi ya mikono yake. Hakupunguza.

Kisha akamwandikia yule mteja aliyenuna. Iliuma kidogo, lakini alipiga moyo konde. *Ulisema kweli. Sikuandika vipimo, na nilikujibu vibaya. Naomba radhi. Ukipenda, nitakushonea mkubwa zaidi, kisha unirudishie huo mdogo.* Jibu lilikuja jioni. *Sikutegemea. Asante. Huu mdogo binti yangu ameshauchukua, nishonee mkubwa niununue.*

Mama Zipu alisoma ujumbe huo mara nyingi. Mteja aliyegombana naye alikuwa amerudi.

*

Siku chache zilipita kimya. Kisha, Mama Zipu akiwa anakaanga vitunguu, simu ililia. Mtu aliuliza: *Spana ndefu ya bomba inaingia, au inachomoza?*

Zamani angemjibu usiku, baada ya kuosha vyombo. Sasa alizima jiko. Alichukua spana ndefu ya mumewe, akaiingiza mfukoni, akaipima, akapiga picha, akaituma. *Inaingia yote. Kichwa tu kinaonekana, ili uishike kwa urahisi. Karibu.*

Alirudi jikoni. Hajawasha jiko, simu ikalia tena. Safari hii haikuwa swali.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo! Oda!"

Mama mkwe alikuja mbio na kandambili moja. "Nani? Wifi yako tena?"

"Hapana! Mtu! Mtu tu!"

Waliufunga mfuko ule kama zawadi ya harusi. Ndani, Mama Zipu aliweka karatasi ndogo yenye maneno machache: asante, na kama kuna kasoro niambie mimi kwanza. Mnunuzi alikuwa fundi wa matangi ya maji. Baada ya wiki alipandisha picha yake mwenyewe, yuko juu ya paa, mfuko begani. Aliandika: *Nimepanda nao, nimeshuka nao, haujalegea.* Akaweka nyota zote.

Picha ile ilifanya kazi kuliko maneno yote. Fundi mwingine aliagiza, akifuatiwa na mwenye duka la vyuma aliyetaka mitatu. Mama Zipu akaanza kushona tangu asubuhi, na cherehani ikanguruma mpaka mama mkwe akakata tamaa ya televisheni. Bibi huyo akaanza kukata nyuzi zilizobaki kwenye mishono. Hakuombwa. Alisema tu kwamba hapendi kukaa bure.

Si kwamba yote yalikwenda sawa. Siku moja ujumbe mkali ulifika: *Kifungo cha mkanda kimevunjika! Vifaa vyangu vimeanguka njiani!* Mama Zipu alihisi damu ikimpanda. Kidole kilikuwa tayari kuandika. Akaiweka simu chini, akanywa maji, akavuta pumzi. Kisha akaishika tena. *Pole sana. Kuna kifaa kilichoharibika? Kesho nakutumia mkanda mpya wenye kifungo cha chuma, bila malipo.* Alituma kweli. Halafu akavijaribu vifungo vyote vya plastiki vilivyobaki, kimoja kimoja. Vingi vilipasuka mkononi. Akavitupa, akaanza kutumia vya chuma, na maelezo ya dukani akayabadilisha.

Mteja yule aliandika upya maoni yake: *Kilivunjika, akarekebisha siku ya pili. Nitanunua tena.*

"Unaona?" alisema Mama Pacha. "Hayo ni bora kuliko sifa tupu. Sasa watu wanajua hata kitu kikiharibika, wewe hukimbii."

*

Mwezi uliisha, na fundi viatu akaja kama alivyoahidi. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alikuta sebule imejaa turubai. Mama mkwe alikuwa sakafuni, mkasi mkononi. Fundi Bomba alikuwa akifunga vifurushi, amejifunga aproni ya mkewe.

"Nimekuja kuitazama ile mashine," alisema fundi viatu.

Mama Zipu aliacha kushona. Alimwonea haya. Mtu alikuwa ametembea mwendo wote ule. Akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama yeye. Wakati huo simu ililia mezani, kisha ikalia tena.

"Tunaomba radhi, fundi," alisema Fundi Bomba. "Tulikubaliana ikiwa duka halitachangamka. Limechangamka. Mashine hii haiuzwi."

"Haiuzwi!" alirudia mama mkwe kutoka sakafuni, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

Fundi viatu alivua miwani, akainua mfuko mmoja, akapitisha kidole kwenye mshono. Alikuwa mtu wa kazi, alijua anachokigusa. "Kwa kazi hii, ningekuwa mimi nisingeiuza pia," alisema. "Na zile nyundo zangu nazibeba kwenye ndoo. Nishonee mmoja."

Alikuja kununua mashine, akaondoka ameagiza mfuko.

Msimamizi wa kiwanda naye alipigiwa simu. Mama Zipu alimshukuru kwa kumkumbuka. Kisha, badala ya kuomba kazi, alimwomba namba ya mwenzake wa zamani, yule aliyekuwa akishona mikanda, ambaye bado alikuwa nyumbani bila kazi. Siku ya pili mwenzake huyo alikuwa sebuleni, na cherehani ya pili ilikuwa njiani kuja. Kochi lilihamia barazani.

*

Mvua zilipokwisha, Mama Zipu alimpeleka mama mkwe hospitali kupimwa macho. Walikaa kwenye benchi, kati ya watu wengi wanaosubiri. Juu yao, kijana fundi umeme alikuwa kwenye ngazi akibadilisha taa. Begani alikuwa na mfuko wa turubai ya kijani, mishikio ya bisibisi imechomoza nje, vichwa vimelala ndani.

Mama Zipu aliuona. Akataka kunyamaza. Lakini mama mkwe, pamoja na macho yake mabovu, alikuwa ameuona pia.

"Wewe, mwanangu!" aliita. "Mfuko huo umeutoa wapi?"

Kijana alishtuka, akaukumbatia. "Nimenunua, mama! Sikuiba!"

Benchi zima lilicheka.

"Wapi?"

"Mtandaoni. Una nini, mbona unaniuliza?"

"Hana kitu, samahani," alisema Mama Zipu, akimvuta mama mkwe mkono.

"Nina kitu!" alisema mama mkwe. Akasimama. "Aliyeushona ni huyu hapa. Mkwe wangu. Na nyuzi nimekata mimi!"

Watu waligeuka. Kijana alishuka ngazi haraka, akafuta mkono kwenye suruali, akamnyooshea Mama Zipu. "Kumbe ni wewe? Dada, mfuko huu umeniokoa. Zamani nilikuwa napanda na kushuka, kila mara nimesahau kitu chini. Siku hizi napanda mara moja tu. Wenzangu wa zamu wanaulizia, nimewapa jina la duka lako."

Mama Zipu alimshukuru. Lakini hata kabla ya kumtazama vizuri usoni, vidole vyake vilikuwa vimeshaufikia mkanda, vikipapasa mshono, pale panapobeba uzito wote. Ulikuwa imara kama siku alipoumaliza.

"Mwambie na rangi nyingine zipo," alinong'ona mama mkwe, kwa sauti iliyosikika mpaka dirisha la dawa.